Kifaru wa Pembe Mbili

Soko la ndagala la mji wa Baraka lina mizani mbili za chuma, zote zimeota kutu, na hakuna anayejisumbua nazo, kwa sababu soko lina mkono wa mama mmoja, Bushira. Ndagala ni wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika wanaoanikwa juu ya mchanga wa ufukoni mpaka wakauke, na penye mchanga hapakosi wajanja. Mjanja huchota viganja viwili vitatu, akavichanganya ndani ya gunia, na gunia likaongezeka uzito bila kuongezeka samaki. Bushira hulinyanyua gunia hilo mara moja tu, hadi usawa wa goti, akafumba macho, akasema, "Iko muchanga." Likimwagwa, mchanga huo hapo. Miaka kumi na tisa alikuwa hajakosea hata mara moja. Soko zima lilijua hivyo, na kama wewe ulikuwa mgeni na hujui, angekueleza mwenyewe kabla hujamaliza kusalimia.

Sasa, Ijumaa moja asubuhi alikuwa katikati ya magunia yake, aliposikia jina lake likiitwa kutoka njia ya ufukoni. Aliyeita ni mdogo wake Ayubu, mkuu wa maseremala wa maboti, mtu ambaye hajui kusema neno bila kulipigia kelele. Nyuma yake walifuata maseremala wanane au tisa na kundi la watu wasio na kazi. Katikati yao alikuwemo kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, amekumbatia kartoni kubwa kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

"Yaya!" Ayubu alimwita hivyo kwa kuwa ndiye dada yake mkubwa. "Yaya, wacha hao samaki! Kuya unipimie kitu!"

"Kitu gani?"

"Batri!"

Watu wakacheka. Bushira hakucheka. Mtu akisifiwa miaka kumi na tisa hafikii mahali pa kusema kitu fulani hakimhusu. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasogea.

Ayubu alikuwa na batri mbili za perseze, ile mashine ya kutobolea mbao ambayo siku hizi kila fundi wa boti pale Baraka anayo, kwa maana umeme wa waya hauaminiki na boti halisubiri. Kila batri ilikuwa na ukubwa wa ngumi, nyeusi, na pembeni ina picha ya kifaru. Moja ilikuwa yake mwenyewe, ya siku zote. Nyingine ilikuwa ya yule kijana, jina lake Vainqueur, aliyefika jana na gari kutoka Uvira, akaenda moja kwa moja kwa maseremala na kartoni lake.

"Ninamuuliza, ni batri ya namna gani," Ayubu alisema. "Ananiambia ni ya kweli. Ninamuonyesha ya kwangu, anaigeuza, ananiambia eti ya kwangu njo ya bongo!"

Ya bongo, kwa lugha ya huko, ni ya uongo. Mwambie fundi kwamba mke wake hajui kupika, atakuvumilia. Usimwambie kwamba chombo chake ni cha bongo.

"Papa Ayubu, mi sikukutukana," Vainqueur alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, lakini haikurudi nyuma. "Nilisema tu muangalie. Ya kwangu, majina imechongwa mu plastiki yenyewe, pitisha kidole utasikia. Ya kwenu ni karatasi imebandikwa. Na kifaru ya kweli iko na pembe mbili."

"Munasikia?" Ayubu aliwageukia watu. "Pembe mbili! Tangu nianze kazi na batri hizi, kifaru iko na pembe moya. Mafundi bote hapa, kifaru yabo iko na pembe ngapi?"

"Moya!" maseremala wakaitika.

"Uyu anatuletea kifaru ya pembe mbili. Anatuona sisi bajinga?"

Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona kifaru. Eneo zima la Fizi halina kifaru, na sidhani kama yupo aliyemkosa. Hata hivyo wote walikubaliana, kwa uhakika wa watu waliolala naye nyumba moja, kwamba kifaru ana pembe moja.

"Na hii nyota ya dhahabu?" Ayubu alizidi kupamba moto, akionyesha kibandiko kilichong'aa juu ya batri yake. "Imeandikwa ORIGINAL. Ya kwako imeandikwa wapi?"

"Papa, ya kweli haisemake vile," Vainqueur alijibu. "Muntu muaminifu anatembeaka na karatasi ku kifua ya kusema mi si mwizi?"

Hapo watu walipasuka kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza kijana. Kwa nini? Kwa sababu walimcheka Ayubu, mbele ya vijana wake wa kazi, na mbele ya dada yake. Uso ulimwiva. Akazisukuma batri zote mbili mikononi mwa Bushira.

"Yaya, pima. Ukisema iko safi, tunanunua kartoni yote leo. Ukisema iko muchanga, unajua sheria."

Sheria aliijua, maana aliitunga yeye. Sokoni hapo chenye mchanga hurudi majini: gunia lote humwagwa ziwani, hadharani, na mwenye gunia haweki tena meza Baraka. Vainqueur naye aliambiwa sheria hiyo palepale, akazidi kulikumbatia kartoni. Alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza mashine za watu Uvira miaka minne, akinunua batri moja leo, nyingine mwezi ujao, mpaka kartoni likajaa. Kartoni hilo ndilo lilikuwa duka lake. Alikuwa hana lingine.

Bushira alifumba macho.

Mkono wa kushoto ulikuwa na batri ya Ayubu. Ilikuwa nyepesi, nyepesi kama alivyoizoea kila alipompelekea mdogo wake chakula na kuiokota ilipotupwa juu ya mbao. Mkono wa kulia ulikuwa na ile ya pembe mbili. Ilizama kiganjani. Ukubwa ni uleule, umbo ni lilelile, lakini uzito ulikuwa umekaribia mara mbili. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa swali. Kwa mkono uliokulia kwenye magunia ya ndagala, hilo lilikuwa jibu, tena jibu la zamani sana.

"Iko muchanga," alisema.

Kelele ikapanda mpaka kunguru wakaruka. Vainqueur alitikisa kichwa, akatoa sauti ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Mama, nakuomba! Uzito ni chuma! Mu ndani iko vipande kumi ya kuweka moto, sawa mapile ya tochi. Kama si vipande, haiwezi kuwa nzito. Utikise tu, mama!"

"Mutoto yangu," Bushira alisema, bila ukali, "kila mwenye gunia ya muchanga ananiambiaka eti samaki yake ni minene."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hiyo Bushira alilitia maji mtungi mzima. Alirudisha batri zote mbili na kugeukia magunia yake. Ayubu alitangaza kwamba kartoni litatupwa baada ya swala ya Ijumaa, mafundi wote wakiwepo, ili asiwepo wa kusema hakuona. Wakaondoka naye kijana wakimzunguka, naye bado amelikumbatia kartoni lake.

Kazi ikaendelea. Jua likapanda, wanaume wakaanza kwenda msikitini, soko likabaki la wanawake na nzi. Hapo akaja Georgette, mfanyabiashara wa Swima, na gunia la ndagala alilotaka Bushira alipitishe kabla hajalipakia. Bushira alilinyanyua hadi gotini, akafumba macho.

"Safi," alisema. Kisha, kama alivyofanya siku zote, akaliinamia, akaegemeza sikio, akalitikisa mara tatu.

"Mama Bushira, umesema safi, juu ya nini unatikisa tena?" Georgette alimtania. "Haujiamini?"

"Mukono inaweza kudanganyika," Bushira alijibu kwa mazoea, maneno aliyowaambia watu mara elfu. "Muchanga ukitikisa, unashuka chini, unapiga kelele. Sikio njo inafunga kesi."

Maneno yalipotoka, yakamrudia yeye mwenyewe. Alibaki ameinama, sikio bado liko kwenye gunia.

Batri hakuitikisa.

Kijana alimwambia. Alimwomba, mbele ya watu, utikise tu, mama, na yeye alimjibu kwa methali ya samaki minene. Aliona haya, haya za kweli, zile ambazo mtu hutamani afunikwe na kitenge chake mwenyewe.

"Uniangalilie meza," alimwambia Georgette, akaondoka.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo Baraka ilishuhudia haraka yake. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene wa haki, alipita katikati ya wauza muhogo na wauza mafuta ya mawese, kandambili moja mguuni na moja mkononi, na kila aliyemuuliza kuna nini alijibiwa kwa upepo tu. Alifika ufukoni jasho likimtiririka.

Boti la Ayubu lilikuwa juu ya magogo, mbavu zake nje, likisubiri mbao za ubavuni. Mafundi Waislamu walikuwa msikitini. Aliyeachwa kumlinda mshitakiwa alikuwa Isidore, fundi Mkatoliki, aliyekaa kivulini akila karanga pamoja na mtu aliyetakiwa kumlinda. Vainqueur alikuwa amekalia kartoni. Mtumbwi wa kulipeleka majini ulikuwa tayari umesogezwa.

"Isidore, ile batri mbili iko wapi?"

Isidore alizitoa chini ya boti. Bushira aliichukua kwanza ile nzito, akaibandika sikioni, akaitikisa. Kimya. Akaitikisa kwa nguvu zaidi. Kimya kabisa. Hakukuwa na kitu kilichotembea, hata punje.

Akaichukua ile nyepesi ya Ayubu.

Koto-koto-koto.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Aa, ile?" Isidore alitema ganda. "Ile ni moto ya umeme inatembea mu ndani. Zetu zote ziko vile."

"Nani alikuambia ni moto?"

"Papa Ayubu."

"Na yeye nani alimuambia?"

Isidore akamenya karanga nyingine. "Sijue, mama. Labda kifaru."

Vainqueur alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa yameganda juu ya uso wa Bushira, na Bushira alijua anachosubiri. Kusema kweli, wazo baya lilimpitia. Watu wawili tu ndio waliosikia ile kotokoto: mgeni asiyeaminika, na Isidore ambaye angeambiwa amelala na kuota. Angerudi zake sokoni, mtumbwi ukaenda, kartoni likazama, na miaka yake kumi na tisa ikabaki mizima bila doa. Nani angejua? Alilishika wazo hilo mkononi kidogo, akaliona lina uzito gani, akalitupa. Kisha, ajabu, badala ya huzuni alisikia furaha inamtekenya. Ilikuwa furaha ileile ya siku yake ya kwanza sokoni, alipogundua mchanga ambao wanaume watatu wameukosa. Safari hii aliyekuwa anamgundua ni yeye mwenyewe, na bado ilikuwa tamu.

Swala iliisha. Watu walimiminika ufukoni, kanzu nyeupe zikipepea, Ayubu mbele.

"Haya!" alipiga makofi. "Munyanyue kartoni!"

Bushira akalikalia kartoni.

"Haitupwe," alisema.

"Yaya, we njo ulisema muchanga!"

"Nilisema. Nilipima nusu. Mukono ilifanya kazi, sikio sikuipatia kazi. Sasa nataka tupime yote, mbele ya benye walinisikia asubui. Perseze iko wapi?"

Minong'ono ikaenea. Wengine walisema jua limempiga mama wa watu. Ayubu aliangalia huku na huku, akitafuta namna ya kumkatalia dada mkubwa hadharani, na namna hiyo Baraka haijapatikana bado.

Ukatolewa ubao mrefu, mgumu, mnene kama kiganja kilichosimama, ukalazwa juu ya magogo mawili. Mashine ikawa moja, keke ya kutobolea moja, na mtobozi mmoja, Isidore, aliyekuwa na mkono usiotetemeka na asiye ndugu wa mtu. Batri zote mbili zilikuwa zimechajiwa jana yake kwenye paneli moja ya jua. Kila moja ina taa ndogo nne za kuonyesha zimejaa kiasi gani, na zote nne ziliwaka pande zote mbili.

"Tuanze na ya nyumbani," Ayubu alisema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Isidore akaichomeka batri ya pembe moja, akabonyeza. Mashine ikalia, keke ikazama, unga wa mbao ukaruka.

"Moya!" watu wakapaza sauti. "Mbili! Tatu!"

Kuhesabu ni kitu kinachoambukiza. Mpaka tundu la kumi, wachuuzi wa samaki walikuwa wameacha samaki wao. Mpaka la kumi na tano, watu wa mitumbwi walikuwa wamesogea. La ishirini likatoka taratibu kidogo. La ishirini na tatu, mashine ilianza kuguna. La ishirini na sita, harufu ya plastiki iliyoungua ikawafikia watu wa mbele, na Isidore akavuta mkono wake kwa kuwa batri ilikuwa inachoma.

"Makumi mbili na saba!"

Keke ikasimama katikati ya ubao. Isidore akabonyeza tena. Hakuna.

"Muangalie taa," Vainqueur alisema kwa sauti ndogo.

Watu wakainama. Taa zote nne zilikuwa zinawaka, zinang'aa, kama hakuna lililotokea. Mashine imekufa, na taa zinasema zimeshiba.

"Hata taa yake iko ya bongo!" mtu mmoja akapiga yowe, na ufuko wote ukaangua kicheko. Ayubu alijaribu kusema kwamba batri imechoka, kwamba jana ilifanya kazi nyingi, lakini sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya kawaida.

"Weka ingine," Bushira alisema.

Isidore akachomeka ya pembe mbili. Mlio wake ulikuwa tofauti tangu mwanzo, mzito, wa mnyama aliyekula. Moja, mbili, tano, kumi. Watu hawakuhesabu tena kwa mdomo tu, waliruka kila tundu lilipotoka. Ishirini na saba ilipita bila mashine kubadili sauti, na hapo kelele iliyopigwa ilisikika, naapa, hadi Lweba. Arobaini. Taa moja ikazima, tatu zikabaki.

"Munaona?" Vainqueur alikuwa anaruka naye sasa, shati la pasi limetoka kwenye suruali. "Ya kweli inazima moya-moya! Inasema ukweli hata kama inaisha!"

Sitini. Sabini na tano. Isidore alikuwa anacheka peke yake, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi. Wanawake walikuwa wameanza kupiga vigelegele. Bushira alihesabu kuliko wote, amenyanyua mkono ule ule uliomdanganya asubuhi, akiushusha kwa kila tundu, "Makumi nane! Makumi nane na moya!" mpaka kilemba kikamwangukia shingoni na hakukijali.

"Basi! Basi!" Ayubu aliingia katikati, mikono juu. "Isidore, acha! Ile ni ubao yangu ya boti!"

Isidore akaacha. Ubao ulikuwa na matundu tisini na manne bila kuhesabu yale ya kwanza, na ulikuwa haufai kwa boti wala kwa kitanda, labda kwa kuchujia pombe. Taa mbili kwenye batri zilikuwa bado zinawaka.

Ayubu aliutazama ubao, akaitazama batri yake ya nyota ya dhahabu. Halafu, na hapa lazima nimpe haki yake, hakubishana. Alinyoosha mkono kwa Vainqueur.

"Patia mi turnevisi ya kufungua."

Visi, yaani skurubu, za batri ile zilikuwa na kichwa cha nyota ambacho bisibisi za kawaida hazikiingii, lakini Vainqueur alikuwa na turnevisi yake mfukoni. Ayubu alizifungua visi nne mwenyewe, akapiga magoti, watu wakiwa wamembana mpaka hakuna hewa. Kifuniko kikatoka. Ndani palikuwa na nafasi za vipande kumi. Vitano vilikuwepo. Mahali pa vitano vingine pamewekwa vijibomba vya karatasi ngumu, vitupu, na kimoja kilikuwa kimeng'oka. Ayubu akakitikisa.

Koto-koto.

"Moto inatembea," Isidore alisema, na safari hii hata Ayubu alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Alikumbuka mara ngapi amewafokea vijana wake kwamba wao ndio wanaoua batri kwa uvivu, kwamba hawajui kushika mashine. Aliwatazama mmoja mmoja. "Munisamehe," alisema. "Haikukuwa nyinyi."

Watu wakaanza kumzunguka Vainqueur, kila mmoja anataka batri, kila mmoja anadai alijua tangu mwanzo kifaru ana pembe mbili. Wangeweza kumsahau Bushira. Jambo lenyewe lingeweza kuishia hapo, vicheko na makofi, kila mtu kwake. Lakini Bushira alikuwa amesimama pembeni akifunga kilemba upya, na alikuwa anafunga namna ya mtu anayetayarisha kichwa kwa mzigo.

Ile sheria yake ya sokoni ina upande wa pili, ambao hakuna aliyekuwa ameuona ukifanya kazi. Anayemsingizia mwenzake mchanga naye ana adhabu: analibeba gunia la aliyemsingizia kichwani, toka ufukoni mpaka mwisho wa soko, akitangaza kwa mdomo wake kwamba ni safi, ili sikio lililosikia uongo lisikie na ukweli. Aliutunga upande huo kwa ajili ya wengine. Haikumpitia kichwani kwamba siku moja shingo ingekuwa yake.

"Munitwishe," alisema.

"Yaya, hapana," Ayubu alinong'ona. "Kila mutu ameona. Inatosha."

"Benye kuwa hapa bameona. Benye kuwa ku soko bado banasema uyu kijana ni mwizi. Munitwishe."

"Mama, mi sina kinyongo," Vainqueur alisema haraka. "Kweli. Uache tu."

"Kinyongo ni yako, mutoto yangu, unaweza kuiacha. Sheria ni ya kwangu."

Isidore na Vainqueur walilinyanyua kartoni, wakaliweka juu ya kata ya kitenge. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu, lakini huu haukuwa usufi hata kidogo. Batri thelathini za kweli zilimkandamiza shingo mpaka akasikia uti wa mgongo ukihesabu pingili. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, akapata mwendo.

"Hakuna muchanga!" alipaza sauti. "Hii ya Vainqueur iko safi! Mi Bushira nilikosa! Hakuna muchanga!"

Alipanda njia ya soko, kundi zima nyuma yake. Mwanzoni watu wa sokoni walitazama wakiwa wameduwaa, sufuria mkononi, maana ilikuwa ni kama kuona mizani inatembea na kujisema vibaya. Mtu mmoja alizomea. Bushira alimgeukia, mzigo kichwani, akamwita kwa jina lake, akarudia, "Nilikosa, unasikia? Hakuna muchanga." Aliyezomea akainamisha kichwa. Kisha Georgette akasimama kwenye meza aliyoachiwa, akaanza kupiga makofi kwa kufuata hatua zake, na wanawake wa ndagala wakadakia. Kabla hajafika kwa wauza muhogo, soko zima lilikuwa linaimba "Hakuna muchanga!" kwa kupokezana, yeye anaanza, wao wanaitika. Hakuna harusi iliyowahi kupita hapo kwa shangwe kama ile. Bushira alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, jasho linamwingia machoni, na hakujua kwa nini alikuwa anajisikia mwepesi hivyo chini ya uzito wote ule.

Mwisho wa soko wakamtua. Vainqueur aliposogea kumshukuru, Ayubu alikuwa amekwisha kufika na beseni. Maseremala wote walikuwa wametupia humo batri zao, ishirini na kitu, vifaru wa kila namna, na wote walikuwa wanamtazama Bushira wakisubiri, kwa mazoea, mkono useme.

Bushira alilitazama beseni. Akavuta kigoda chake cha miaka yote, akamsukumia Vainqueur, na kijana alipositasita alimkalisha kwa kumshika mabega. Beseni akaliweka miguuni pake. Halafu yeye mwenyewe akakaa chini, kwenye vumbi, mbele ya soko zima.

"Anza kutufunza," alisema. "Na uende pole-pole, juu mi nilisomea samaki."